Watoto wa Januari 2028 Watafundishwa na Nani?

Kama una mtoto au mjukuu aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2021 au mwaka 2022, leo naomba usogee karibu na redio, maana maneno haya yanakuhusu moja kwa moja. Na kama huna, bado nakuomba ukae, kwa sababu mtoto asiyefundishwa leo ndiye muuguzi, fundi na karani tutakayemtegemea kesho kutwa.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2021 anasoma kwa utaratibu wa zamani. Atasoma miaka 7, atamaliza la saba mwaka 2027. Mdogo wake aliyeanza mwaka 2022 ameangukia kwenye utaratibu mpya, ule wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, unaofanya elimu ya msingi iwe ya miaka 6. Huyu naye atamaliza mwaka 2027, akiwa darasa la sita. Kaka na mdogo wake watatoka shule ya msingi mwaka mmoja, na Januari 2028 watabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Sera hiyo hiyo inasema elimu ya lazima ni miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo haikubaliki tena kwamba nusu yao warudi nyumbani. Wote wana haki ya kuingia darasani.

Mwaka 2024 waliofanya mtihani wa darasa la saba Tanzania Bara walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Ukiweka makundi mawili pamoja, unaongea habari ya watoto zaidi ya milioni 2 wanaotaka kidato cha kwanza kwa mwaka mmoja. Nani atasimama mbele yao kufundisha hisabati, Kiswahili, fizikia, jiografia? Hilo ndilo swali langu, na nalileta mapema kwa makusudi.

Tumezoea kuuzungumzia upungufu wa walimu kama tunavyozungumzia ukame: jambo limetushukia, tufanyeje, tuombe Mungu. Mimi sikubaliani na hayo hata kidogo. Ukifuata historia yetu utaona kwamba kila mara upungufu mkubwa wa walimu ulipotokea, ulitanguliwa na uamuzi mzuri wa kuongeza wanafunzi. Narudia, uamuzi mzuri. Lakini tarehe ya watoto kuingia shuleni ilipangwa, ikatangazwa na ikasimamiwa, huku tarehe ya walimu kufika ikiachwa ijitafutie njia yenyewe.

Tuanze Musoma, Novemba 1974. Halmashauri Kuu ya TANU ilipoketi kule iliamua kwamba Elimu ya Msingi kwa Wote, ile tuliyoizoea kwa herufi zake za UPE, ifikiwe ifikapo mwaka 1977, miaka mingi kabla ya ilivyokuwa imekusudiwa mwanzo. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huko huko vijijini. Wakafundisha huku wakisoma, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio kama hiki, na kwa kuongozwa na walimu wenye uzoefu. Makumi ya maelfu walipatikana kwa njia hiyo.

Walimu wale wamesemwa vibaya sana, na naomba niseme neno la kuwatetea. Kijana wa miaka 17 au 18 alikabidhiwa darasa, chaki na kitabu kimoja, akaambiwa taifa linamtegemea. Wengi wao walijiendeleza, wakasomea daraja la juu, wakawa walimu wakuu, wakafundisha kwa miaka 40. Watu wazima wengi wanaonisikiliza sasa walishikwa mkono na mwalimu wa UPE walipoandika herufi yao ya kwanza. Mafunzo yao yalikuwa mafupi mno kuliko kazi waliyopewa, na kosa hilo halikuwa lao.

Lakini kuna jambo moja kuhusu kizazi kile ambalo halisemwi inavyopaswa. Kijana aliyeingia ualimu mwaka 1978 akiwa na miaka 18 alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2020. Wenzake walioingia kati ya mwaka 1976 na miaka ya mwanzo ya themanini wamestaafu takriban wote kati ya mwaka 2015 na sasa. Jeshi zima la walimu limeondoka ndani ya miaka kama kumi. Tarehe zao za kuzaliwa zilikuwa kwenye majalada tangu siku walipoajiriwa. Hakuna kitu kinachotabirika serikalini kuliko tarehe ya mtumishi kustaafu. Na katikati ya muongo huo huo, mwaka 2016, ajira mpya serikalini zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi. Mwaka 2017 ikatolewa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, walimu wakiwa miongoni mwao. Uhakiki ulikuwa wa haki, kwa kuwa mtoto hastahili mwalimu wa cheti cha kughushi. Ila darasa aliloliacha mwalimu yule halikufungwa. Watoto walikuwemo asubuhi iliyofuata.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2001 karo ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 2002 ukaanza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Watoto wakafurika. Miaka michache baadaye wale wale wakahitaji sekondari, na kuanzia mwaka 2006 nchi nzima ikahamasishwa kujenga shule za kata. Wananchi walichanga, walibeba mawe, walifyatua matofali. Shule za sekondari za serikali ziliongezeka zaidi ya mara mbili kwa muda mfupi, na mimi nasema wazi kwamba bila shule za kata maelfu ya wasichana wa vijijini wasingekanyaga sekondari. Walimu je? Walichukuliwa vijana waliotoka kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya wiki chache, wakapangiwa vituo. Mtaani wakaitwa vodafasta, jina la kuongeza salio la simu haraka haraka. Kijana amemaliza kidato cha sita juzi, leo anafundisha kidato cha nne peke yake.

Tulivuna mwaka 2012. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka ule, watatu kati ya kila watahiniwa watano walipata sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwaka 2013 matokeo yakafutwa yakapangwa upya kwa viwango vingine. Alama zikapanda. Mwalimu wa fizikia aliyekosekana mwaka 2010 aliendelea kukosekana.

Kisha ikaja Elimu bila Malipo, Januari 2016. Ada ya shilingi 20,000 kwa sekondari ya kutwa iliondolewa, michango ikazuiwa, na uandikishaji wa darasa la kwanza ukaruka kutoka watoto wapatao milioni 1.5 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 2 mwaka 2016. Nusu milioni ya watoto zaidi ndani ya mwaka mmoja! Ilikuwa furaha kubwa, maana wengi walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa vijisenti. Na ulikuwa ndio mwaka ule ule wa ajira kusimama. Mei mwaka huo huo, vijana zaidi ya 7,000 waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma wakisomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walirudishwa nyumbani. Baadaye wengine walipangiwa vyuo vingine, wengine hawakurudi. Programu hiyo ilikuwa imeanzishwa kwa sababu tulijua walimu wa sayansi hawatoshi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, lile ninalotaka ulale nalo leo. Kwa nini nchi yetu ni hodari wa kujenga madarasa na ni dhaifu wa kuajiri walimu?

Mwaka 2021 tulipata mkopo nafuu wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule changa za vitongoji vya mbali. Yalijengwa kwa miezi michache. Wakuu wa wilaya walilala kwenye maeneo ya ujenzi, na Januari 2022 hapakuwa na haja ya kuchagua kidato cha kwanza kwa awamu kama ilivyokuwa desturi. Nilifurahi, na bado nafurahi. Inaonyesha kwamba serikali ikitaka jambo la elimu liishe kwa tarehe fulani, linaisha.

Lakini darasa hulipiwa mara moja. Mkopo unaingia, tofali linapangwa, bati linaezekwa, kiongozi anakuja anakata utepe, habari inatoka kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Mwalimu analipwa kila mwezi, mwaka huu na mwaka ujao na miaka 35 ijayo, kisha anadai pensheni yake. Wahisani na mabenki wanapenda kulipia jengo, kwa kuwa jengo lina mwisho. Mshahara hauna mkopo, unatoka kwenye kodi zetu. Darasa linakaa kwenye bajeti ya maendeleo, fungu ambalo kila mtu anataka kulikuza ajisifie. Mwalimu anakaa kwenye matumizi ya kawaida, na hili ndilo fungu la kwanza kuambiwa libanwe. Nenda kwenye kata yoyote utakuta kibao kimeandikwa mradi, kiasi cha fedha na chanzo chake. Hujawahi kuona kibao kinachosema shule hii inatakiwa kuwa na walimu 16, waliopo ni 7.

Ongeza na hili: kazi ya kumpata mwalimu mmoja imegawanywa kwa watu wengi. Wizara ya Elimu inatunga sera na mtaala na kusimamia vyuo. TAMISEMI ndiyo yenye shule na ndiyo inayojua ikama, yaani idadi ya walimu wanaotakiwa kila kituo. Kibali cha ajira kinatoka Utumishi. Fedha ziko Hazina. Usaili unafanywa na Sekretarieti ya Ajira. Akishaajiriwa, usajili wake, kupanda daraja na nidhamu viko Tume ya Utumishi wa Walimu. Mama mwenye mtoto wa darasa la pili ambaye hajafundishwa hesabu tangu muhula uanze, aende kwa nani kati ya hao? Akimuuliza mwalimu mkuu, ataambiwa maombi yalishapelekwa halmashauri. Halmashauri itasema inasubiri mgawo. Na kwa kweli hakuna anayemdanganya, kila mmoja anasema kweli kwa upande wake, na mtoto anafika darasa la tatu.

Walimu wenyewe, msikilizaji, wapo. Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Katika zoezi la ajira lililofikia kwenye usaili wa mapema mwaka 2025, nafasi za ualimu zilikuwa zaidi ya 14,000 na walioomba walizidi 200,000. Watu zaidi ya kumi na watatu kwa nafasi moja, na wote ni watu waliosomea ualimu, wengi kwa mkopo wa serikali hiyo hiyo. Wengine walihitimu mwaka 2015. Wanaendesha bodaboda, wanauza mitumba, wanafundisha tuisheni uchochoroni, huku shule iliyo kilomita chache tu kutoka kwao ina mwalimu mmoja wa hisabati kwa vidato vinne. Umoja wa walimu wasio na ajira, NETO, ulipoinua sauti mwaka 2025 kuulalamikia usaili, baadhi ya watu walisema hawa vijana wanaogopa mtihani. Sioni hivyo. Serikali ina haki ya kumpima mtu kabla ya kumkabidhi watoto. Lakini mtu uliyemwacha mtaani miaka minane bila kushika chaki, ukamwita siku moja kwa mtihani pamoja na aliyehitimu mwaka jana, umempima kumbukumbu zaidi ya ualimu. Njia ya haki ingekuwa kumpa muda wa kujinoa darasani chini ya mwalimu mzoefu, kwa malipo, kisha ndipo apimwe.

Nimesema wapo, na kuna mahali hawapo. Walimu wa fizikia, kemia na hisabati ni wachache kweli kweli. Katika mtihani wa hisabati wa kidato cha nne hufaulu takriban robo tu ya watahiniwa. Kutoka kwenye robo hiyo ndiko tunatafuta wahandisi, wahasibu, madaktari na walimu wa hisabati, na ualimu ndio huchaguliwa mwisho. Mwaka 2016 na 2017 tulikuwa na maelfu ya walimu wa masomo ya sanaa waliozidi sekondari, wakahamishiwa shule za msingi, wengine kwa uchungu wakiona wameshushwa hadhi. Vyuo viliendelea kudahili kwa kufuata maombi ya wanafunzi, bila mtu kukaa na vyuo kuviambia tunahitaji walimu wangapi wa somo gani kwa mwaka gani. Uzembe huo wa kupanga hautibiwi na ajira za mkupuo.

Na hata waliopo, wanakaa wapi? Uwiano unaotakiwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Wastani wa mkoa unaficha mengi. Kilimanjaro hawafanani na Katavi wala Geita, na ndani ya Geita yenyewe shule za mjini hazifanani na za visiwani. Mwalimu wa kike anapangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mwalimu, anapanga chumba kisicho na mlango imara, anasafiri siku nzima kuufuata mshahara wake. Akiolewa anaomba uhamisho kumfuata mwenza wake, na ana haki hiyo. Mwaka 2012 Chama cha Walimu kiliingia kwenye mgomo kikiwa na madai kadhaa, moja likiwa posho ya asilimia 30 kwa walimu wa mazingira magumu. Mahakama iliusimamisha mgomo. Hoja ya posho ile haikuwa na makosa wakati ule na haina makosa leo. Tangu mwaka 2016 walimu wakuu na wakuu wa shule wamekuwa wakipewa posho ya madaraka, jambo jema. Mwalimu wa kawaida anayekubali kukaa pembezoni kabisa miaka sita anastahili naye kitu kinachoonekana: nyumba, posho, na foleni fupi ya kupanda daraja.

Kisha kuna mgawanyo ndani ya shule yenyewe, na hili halihitaji hata senti moja kutoka Hazina. Mara nyingi shule yenye walimu wachache huwapeleka madarasa ya juu, kwa kuwa la saba lina mtihani wa taifa na shule hupimwa kwa matokeo yake. Darasa la kwanza linabaki na mwalimu mmoja na watoto 130. Chukua hesabu: kipindi cha dakika 30, watoto 130, kila mtoto ana sekunde zisizofika 14 za macho ya mwalimu wake. Akitaka kusahihisha daftari zao kwa dakika moja moja, anahitaji saa mbili na dakika kumi kwa somo moja tu, na ana masomo mengine. Kwa hiyo hasahihishi. Anaandika tiki mstari kwa mstari, au anawaacha wasahihishane. Mtoto anayegeuza herufi b kuwa d hagunduliwi hadi darasa la nne, na darasa la nne ni kuchelewa. Walimu wakuu wanaonisikia, nawaomba mwalimu wenu bora na mwenye subira awe darasa la kwanza. Nanyi maafisa elimu wa kata, acheni kuwapima walimu wakuu kwa mtihani wa la saba peke yake.

Wenzetu wa Kenya wanapita njia iliyo karibu na hii tunayoiendea. Januari 2023 walianzisha sekondari ya chini ndani ya shule za msingi kwa mtaala wao mpya, na kwa kukosa bajeti wakaajiri walimu wa mafunzo kazini kwa mkataba wa mwaka, kwa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa walimu kamili wenye vyeti na usajili, wakifanya kazi kamili. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliona utaratibu huo si halali, na Mei walimu wakagoma wiki kadhaa, watoto wakakaa bila masomo. Nataja hayo kwa sababu kwetu nako mazungumzo ya walimu wa kujitolea yanazidi kukua. Vijana wanafundisha kwa posho ya shilingi elfu 50 au 100 inayochangwa na wazazi. Nawaheshimu sana vijana hao. Lakini mzazi wa kijiji maskini anayechangia mwalimu wa kujitolea analipa mchango uliozuiwa mwaka 2016, na anayeshindwa kuchanga mtoto wake anakosa mwalimu. Serikali ikitaka kuwatumia, iwalipe yenyewe, na iwape kipaumbele nafasi zinapotoka.

Turudi mwaka 2028. Tuseme kwamba kidato cha kwanza kitaongezeka kwa watoto milioni 1 tu juu ya kawaida. Kwa watoto 40 kila mkondo, hayo ni madarasa 25,000. Kila mkondo una vipindi kama 40 kwa wiki. Mwalimu akibeba vipindi 28, ambao ni mzigo mzito, tunahitaji walimu zaidi ya 35,000 wa nyongeza, wa sekondari peke yake. Mwaka 2022 tuliajiri walimu 9,800. Mwaka 2023 tuliajiri 13,130, wa msingi na sekondari pamoja, na wengine kati yao walikuja kujaza nafasi za waliostaafu na waliofariki.

Najua nitaambiwa hakuna fedha. Haya, tufanye hesabu. Walimu 35,000 kwa mshahara wa laki nane kila mmoja ni shilingi bilioni 28 kwa mwezi, bilioni 336 kwa mwaka. Ongeza michango ya pensheni na bima, tukaribie bilioni 400. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Tunazungumza habari ya fungu lisilofika asilimia 1 ya bajeti hiyo. Ni fedha nyingi, sikatai. Nasema tu kwamba ni fedha zinazopangika, na zinapangika kirahisi zaidi zikigawanywa kwa miaka mitatu kuliko zikisubiriwa zote Januari moja.

Tena kuna nafuu mahali ambapo hatukutegemea. Kuanzia mwaka 2028 hakutakuwa na darasa la saba, na walimu wa msingi watapungukiwa darasa moja zima. Shule za msingi leo zina walimu wengi wenye shahada, wakiwemo wale waliohamishwa kutoka sekondari. TAMISEMI ikianza sasa kuwaorodhesha kwa masomo waliyosomea, baadhi wanaweza kupanda kusaidia kidato cha kwanza, na wengine wakabaki kupunguza msongamano wa darasa la kwanza na la pili. Orodha hiyo haihitaji mkopo. Inahitaji miezi michache na watu wanaotaka kuifanya. Lakini tusijidanganye kwamba wataziba pengo lote, na hasa la sayansi.

Muda nao umebana. Shahada ya ualimu ni miaka 3. Mwalimu wa kumpokea mtoto wa kidato cha kwanza Januari 2028, kama hajahitimu bado, yuko chuoni tayari. Hakuna mwalimu mwingine wa kuzaliwa. Waliopo ni hao walio vyuoni na hao zaidi ya laki mbili walioomba ajira. Na mshahara wao wa Januari 2028 lazima uwe umeandikwa kwenye bajeti itakayoanza Julai 2027.

Ombi langu kwa Bunge na Serikali ni kwamba sera yoyote inayoongeza wanafunzi isipitishwe bila jedwali la walimu ndani yake: wangapi, wa masomo gani, wataajiriwa mwezi gani, kwa fungu lipi. Na ikama ya kila shule ya umma ibandikwe mlangoni mwa shule, wanaotakiwa na waliopo, ibadilishwe kila muhula.

Kwako wewe mzazi, usisubiri ibandikwe. Mkutano mkuu wa kijiji chako ujao, au kikao cha wazazi, simama uliza maswali matatu. Shule yetu inatakiwa kuwa na walimu wangapi? Waliopo ni wangapi, na darasa la kwanza lina wangapi? Sekondari ya kata yetu imeomba walimu wangapi kwa ajili ya Januari 2028, na ombi limefika wapi? Hakikisha majibu yameandikwa kwenye muhtasari wa kikao, diwani awe amekaa pale. Kisha mfuate mbunge wako na muhtasari huo kabla Bunge la bajeti halijaanza Aprili. Kama mlijenga darasa kwa mikono yenu, mna haki ya kudai wa kufundisha ndani yake.